Tukiisha Kutazama Mpira



Swali letu la mara hii si geni kwa watu wa Itetemia, maana husikika katika nyumba nyingi kila mwisho wa juma. Je, ni vema mtu atumie saa nyingi kutazama wengine wakicheza, hali yeye mwenyewe hafanyi lolote? Wako wanaojibu upesi kwamba kutazama mpira ni upuuzi. Wako wengine wanaojibu upesi vile vile kwamba mtu aliyechoka aachwe astarehe, asisumbuliwe. Majibu yote mawili ni mafupi mno. Twaona jambo hili lastahili kupimwa polepole, kwa kuwa ndani yake mna habari ya mwili, ya wakati, na ya haki kati ya watu wa nyumba moja.

Kwanza tuseme wazi kwamba kupenda mchezo si dhambi. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwatolea mfano wa washindanao mbio na wa wapigao ngumi. Mfano wa namna hiyo hauna maana kwa watu wasiojua michezo. Lakini Korintho ulikuwa mji jirani na Isthmia, mahali palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na wasomaji wake waliijua vizuri. Paulo hakuwakemea kwa kuitazama. Aliichukua michezo ile ile waliyoizoea, kisha akawageukia wao wenyewe, akawahimiza wapige mbio. Macho yao yalikuwa yamekwisha kuona. Sasa zamu ilikuwa ya miguu.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania naye anatupa picha ya mkimbiaji aliyezungukwa na wingu kubwa la mashahidi. Ukisoma sura inayotangulia utaona mashahidi hao ni akina nani: ni Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Musa na wenzao, watu ambao wao wenyewe wamekwisha kukimbia. Hawakukaa pale kwa kukosa kazi. Wanatazama kama watu wanaoijua njia na maumivu yake. Hapo basi twaanza kuona kwamba watazamaji si wa namna moja. Yuko ashuhudiaye, na yuko ajifichaye nyuma ya jasho la mwenzake.

Kushuhudia kuna thamani kubwa. Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, Mtanzania John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda mbio ndefu za Olimpiki. Alikuwa ameanguka njiani na kuumia. Wakimbiaji 57 walimaliza mbio zile, na yeye alikuwa wa 57. Watu wengi walikwisha kwenda zao. Wachache waliosalia walimpigia makofi hadi akamaliza. Hao hawakupiga hata hatua moja katika mbio zile, walakini nani atasema kwamba walipoteza wakati wao? Walimwona mtu akitimiza wajibu wake katika maumivu, nao hawakumwacha peke yake.

Hata hapa kwetu mchezo umewaleta watu pamoja. Tabora United ilipopanda kwenda Ligi Kuu mwaka 2023, watu wa mkoa huu walipata nafasi ya kuziona Simba na Yanga zikija kucheza hapa hapa, katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, bila kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Na katika vile viitwavyo vibanda umiza, Mkristo na Mwislamu, mwenye duka na mfyatua matofali, huketi kwenye benchi moja, na goli likiingia hukumbatiana kabla hawajakumbuka kuulizana majina. Mzee aliyevunjika nyonga, ambaye hatatoka tena kitandani, akiwa na redio masikioni ameuona uwanja mzima. Asije mtu akamnyang'anya furaha hiyo kwa jina la uchaji.

Baada ya kusema hayo, sasa tufanye hesabu. Mchezo mmoja wa mpira ni dakika 90, na mapumziko dakika 15. Ukiongeza mwendo wa kwenda na kurudi, na mabishano baada ya filimbi ya mwisho, hazipungui saa mbili. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza michezo 38 kwa msimu, na timu ya Ligi Kuu yetu yenye timu 16 hucheza 30. Mtu mwenye timu moja kule na moja hapa ana michezo 68, yaani saa 136. Tukihesabu siku ya kazi kuwa saa nane, hizo ni siku 17 kwa mwaka. Sisi hatumlaumu mtu kwa siku 17 za furaha.

Lakini wengi hawaishii kwenye timu zao mbili. Hutazama na wapinzani wao ili waombe washindwe, kisha hutazama timu wasizozijua kwa kuwa tu zimo kwenye televisheni. Mtu atazamaye michezo minne kila juma, kwa majuma 40 ya msimu, ametumia saa 320. Hizo ni siku 40 za kazi, urefu wa Kwaresima. Basi kila mmoja na ahesabu yake kwa uaminifu, maana wakati ni mali ambayo tajiri na maskini wamegawiwa sawasawa kila asubuhi.

Kalenda nayo ina neno la kutuambia. Ligi za Ulaya huanza Agosti na kwisha Mei. Mvua zetu za Tabora huanza yapata Novemba na kukoma yapata Aprili. Maana yake ni kwamba majira yote ya kulima, kupanda na kupalilia yamo ndani ya msimu wa mpira. Mwezi Desemba, magugu yanapoota kwa nguvu katika mahindi, karanga na tumbaku, ndipo Waingereza nao wanapocheza mfululizo wakati wa sikukuu. Huko Ulaya mchezaji analipwa mshahara kwa kucheza siku ile. Mkulima wa Itetemia aliyeacha jembe ili amtazame hatalipwa na mtu, na mwezi wa tano shamba litasema ukweli.

Tena tuangalie saa zenyewe. Michezo mingi ya Jumamosi huko Uingereza huanza saa tisa alasiri kwa saa zao. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni, au saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao. Je, saa kumi na mbili jioni ni saa ya nini katika nyumba zetu? Ni saa ya kuteka maji ya usiku, kuingiza kuni, kufunga mbuzi, kuogesha watoto na kusonga ugali. Kazi hizo haziahirishwi kwa sababu ya mchezo. Zitafanywa na mtu. Baba na vijana wa kiume wakiwa kibandani, mtu huyo ni mama, na msaidizi wake ni binti aliyetoka shule.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Wenzetu wa miji mikubwa ya ng'ambo wakizungumza habari hizi, husema juu ya mtu mmoja: amekaa sana kwenye kiti, inampasa ainuke afanye mazoezi. Kwetu sivyo ilivyo kwa watu wote. Katika nyumba nyingi za Itetemia kazi za mwili hazikupungua, zimegawanywa vibaya. Mmoja ametembea tangu alfajiri hadi usiku, na mwingine ameketi tangu saa tisa. Kwa hiyo tukitaka kujua kama kutazama kwa baba ni halali, tusimwulize baba peke yake. Tumwulize na yule aliyebeba ndoo.

Atasema mtu: "Mimi nimelima tangu kucha hadi mchana. Mgongo unaniuma. Je, hata saa mbili za kupumzika mwaninyima?" La hasha. Huyo twamwambia: keti, tazama, furahi, na ukishangilia shangilia kwa sauti. Pumziko ni amri ya Mungu kabla halijawa haki ya mfanyakazi. Lakini tukumbuke jinsi amri ya Sabato ilivyowekwa. Haikumtaja mwenye nyumba tu. Ilimtaja na mwanawe, na binti yake, na mtumwa wake, na mgeni wake, hata na ng'ombe wake. Mungu alijua kwamba mwenye nguvu aweza kupumzika juu ya mabega ya mnyonge, naye akauziba mlango huo. Basi pumziko la mmoja likiwa ni mzigo wa mwingine kila juma, hilo si pumziko ambalo Sabato ilitufundisha.

Na wale binti wasiopata nafasi hata ya kutazama, tusidhani hawana miguu ya kucheza. Mwaka 2022 wasichana wa Tanzania walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia huko India. Hao nao walitoka katika nyumba zenye ndoo na mafiga kama zetu. Kuna aliyewaruhusu waende uwanjani, na kuna aliyeshika ndoo badala yao.

Watu wa nchi hii tumerithi sifa ya miguu na mabega. Itetemia palikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii. Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa pale Kwihara akingoja wapagazi, kwa maana bila wapagazi hapakuwa na safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani na nguo kurudi bara, kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi, mwendo wa miezi. Wageni walioandika habari zao walisimulia kwamba, wakiisha kutua mizigo kambini, vijana wale waliotembea tangu alfajiri walipiga ngoma wakacheza.

Tusiyapambe mambo ya kale. Katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo, na mzigo wa kilo 30 begani si zoezi la afya. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 iliwatua watu mzigo mzito, nasi hatutamani urudi. Lakini jambo moja la wazee hao latufaa hata leo: starehe yao ilikuwa ya kutenda. Katika ngoma, yule aliyesimama pembeni akipiga makofi alijua kwamba zamu yake itafika. Alitazama ili ajue hatua, kisha akaingia. Mtazamaji na mchezaji hawakuwa watu wa aina mbili, bali walipokezana.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Je, siku hizi twamtunza nani? Kiingilio cha kibanda twalipa kila juma, na jezi ya timu ya ng'ambo twainunua. Lakini vijana wa kijiji wakipitisha daftari la michango ili wanunue mpira mmoja, twasema hali ni ngumu. Wanacheza bila viatu, bila nyavu, bila mtu pembeni wa kuwapigia makofi, kwa sababu waliopaswa kuwapigia makofi wako kibandani. Kuwatazama vijana wetu hakugharimu kitu, na mchezaji atakayesikia makofi hayo ni mtoto wa jirani. Kama twataka kutazama, hapo tuanzie.

Wengine watasema kwamba mtu aliyekwisha kuzoea kukaa na kusikiliza hawezi kuinuka. Historia ya nchi yetu yakataa. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi, juma kwa juma kwa majuma kumi na mawili, wakaisikiliza redio. Kisha walijadiliana, wakatoka, wakachimba vyoo, wakafyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Redio ilikuwa ile ile iliyowatangazia mpira. Iliwainua kwa sababu waliisikiliza wakiwa wamekusudia kufanya jambo baada ya kuizima.

Basi twaweza kufanya vivyo hivyo na michezo. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa jirani na wetu, alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili aliandikiwa muda huo huo, kwa jinsi walivyofika pamoja. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini swali la mtazamaji ni hili: asubuhi ya pili, nani kati yetu aliamka akatembea kwa miguu hadi mahali ambapo angelipanda bodaboda?

Jambo hili si la wanariadha tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba mtu mzima afanye kazi za mwili za kiasi cha kati, kama kutembea haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kila juma, tena apunguze muda wa kukaa. Dakika 150 hazifiki michezo miwili ya mpira. Mkulima na mama wa nyumbani huzimaliza Jumatatu. Lakini mwalimu, karani, mwenye duka, dereva, na sisi tukaao tukiandika, twaweza kumaliza juma zima bila kuzifikisha. Presha na kisukari, ambavyo zamani tulidhani ni maradhi ya matajiri, sasa vimo katika sala zetu za wagonjwa. Tusiwaombee wagonjwa Jumapili huku tukiwaandaa wengine kuanzia Jumatatu.

Neno moja juu ya kubeti. Zamani mtazamaji aliyeshindwa alirudi nyumbani na huzuni tu. Siku hizi wengine hurudi bila fedha ya unga, kwa kuwa mkeka umechanika. Mtu wa namna hiyo haoni tena uzuri wa mchezo. Anatazama fedha yake ikikimbia uwanjani kwa miguu ya mtu mwingine, wala hana uwezo wa kuiita. Wazee wana methali isemayo kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Ikiwa mchezo mwema haupiti kazi mbaya, sembuse mchezo ulaao chakula cha watoto?

Je, tuweke sheria gani? Sisi hatutaki kuandika idadi ya saa, kwa kuwa kipimo cha mgonjwa si cha kijana, wala cha mwezi Julai si cha mwezi Desemba. Lakini twapendekeza maswali matatu ambayo kila mmoja ajiulize mwenyewe. La kwanza, kabla ya kuketi: Kazi niliyoiacha imeangukia bega la nani, naye amekubali? La pili, wakati wa kutazama: Mchezo huu wanipa furaha na udugu, au wanipa chuki, matusi na tamaa ya fedha? La tatu, baada ya filimbi ya mwisho: Nimeinuka nikafanya nini?

Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mtu aweza kuyajibu vema mawili ya kwanza na bado akawa mtu aliyelala. Na tena, mtu aliyeisha kutazama kwa furaha, kisha akainuka akachota maji, akamtembelea mgonjwa, akafundisha watoto kupiga mpira, huyo hakupoteza dakika hata moja kati ya zile 90. Ametazama kama shahidi.

Mwaka 2023 nchi za Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa heshima ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Hakuna shaka kwamba mashindano kama hayo yatajaza vibanda vyetu. Twashauri tujiandae mapema, si kwa kununua jezi tu. Baba na wana wapange zamu za maji na kuni, ili mama na binti nao wapate kuketi na kutazama. Vijana wakate majani katika kiwanja cha shule, ili kila mchezo mmoja wa televisheni ujibiwe na mmoja wa kwetu. Na akina baba wenye afya, hata wale ambao magoti yamekwisha kuanza kulia, waingie uwanjani japo kwa dakika kumi. Watoto wao watacheka. Waache wacheke, kisha wawarudishie mpira.